Krismasi ya watu 30 Mikindani: tuanzie jikoni, si kwenye mti

Swali

"Hujambo mtaalamu. Naishi Mikindani na mume wangu na watoto wetu watatu. Krismasi hii ni zamu yetu kuwakaribisha watu wa ukoo, kama 30 hivi, kutoka Kaloleni na Voi, na wengine Nairobi. Mwaka jana sherehe ilikuwa kwa shemeji. Nilirudi nyumbani moyo umeniuma: magunia matano ya takataka, wali umemwagwa, sahani na chupa za plastiki hadi mtaroni. Usiku mvua ikanyesha, vyote vikateremka kwenye mikoko. Nataka yetu iwe tofauti. Watoto wanataka mti wa plastiki kama ule waliouona dukani. Mimi nilifikiria mti wa kweli, lakini nasikia kukata mti nako ni kuharibu mazingira. Mume wangu anasema mambo haya ni ya matajiri, na kwamba wageni watasema tumewanyima. Nianzie wapi?"

Jibu

Dada yangu, ahsante kwa swali, na hongereni kwa kupokea zamu ya ukoo. Kwanza nikutue mzigo mmoja: katika yote uliyoyataja, mti ndio jambo dogo kuliko mengine. Unasimama sebuleni kila mtu akiuona, ndiyo maana watu huuliza mti kwanza. Kwa nyumba ya watu 30 hapa Mombasa, madhara makubwa yako kwingine: chakula kilichopikwa kikabaki, moto uliokipika, vyombo vilivyokipakulia, na njia ambayo mabaki hupita hadi baharini. Umeiona njia hiyo kwa macho yako. Mtaro wa Mikindani hauendi mbali, unaishia kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, na maji yakianza kupwa huvuta kila kinachoelea kwenda bahari kuu. Kinachobaki nyuma hunasa kwenye mizizi ya mikoko, mahali ambapo samaki wadogo na kaa hukulia.

Kwa hiyo la mti nitalimaliza upesi, watoto wasikae na hamu, kisha tuingie jikoni tukae huko.

Mti wa plastiki hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC na nyaya za chuma, mingi Uchina, kisha ukaletwa kwa meli hadi Kilindini. Taasisi ya Carbon Trust ya Uingereza iliwahi kupiga hesabu ikapata kwamba mti wa plastiki wa mita 2 hubeba takriban kilo 40 za hewa ya kaboni. Mti wa kweli wa kimo hicho ukitupwa jalalani hutoa kama kilo 16, na ukichomwa au ukisagwa kuwa matandazo ni kilo 3 na nusu tu. Hesabu hizo ni za kwao, lakini mwelekeo wake unatuhusu: mti wa plastiki huanza kuwa nafuu baada ya kutumika Krismasi zaidi ya 10. Kama tayari unao, au jirani anao na ameuchoka, uchukue uutunze miaka yote hiyo. Kama hamna, usiununue. Na mti wa plastiki ulioharibika usichomwe uani, kwa sababu moshi wa PVC una sumu za dioksini, na watoto ndio watakaouvuta.

Kukata mti si kosa kila mara. Kosa ni kukata ule usiopandwa ili ukatwe. Mikoko usiiguse, misitu yake ni hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, pia tuiache, na wageni wako wa Kaloleni hawahitaji kuelezwa hilo na mimi. Mti ninaokupendekezea ni mvinje. Katika miti yetu ya pwani ndio unaokaribia zaidi ile ya kwenye picha za Krismasi: kilele chembamba, matawi yanayoning'inia, majani kama sindano. Wakulima wa Kilifi na Kwale huupanda kwa ajili ya nguzo za kujengea. Nguzo zikishakatwa, vilele na matawi hubaki shambani. Mwombe ndugu mmoja aje na kilele kimoja juu ya paa la matatu. Hapo hakuna mti hata mmoja uliokatwa kwa ajili ya Krismasi, na Januari tawi lenyewe litakuwa kuni.

Waeleze watoto habari za mti huo pia, watauheshimu. Mwaka 1971, René Haller alipoanza kuyafufua machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi ilikuwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvichumvi. Miti ya aina 26 ilijaribiwa, ikastahimili aina 3 tu, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo unaweza kuota mahali ambapo udongo hauna rutuba. Majani yake yalipoanguka yakawa hayaozi, wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo mahali hapo ni Haller Park, penye msitu na viboko. Ukipata nafasi wapeleke watoto, kwenu si mbali.

Wakitaka mti wenye mizizi, nunueni mche wa mvinje kwenye vitalu vya kando ya barabara, muutie kwenye debe la zamani. Ila nakuomba usikubali mtu aupande tarehe 26 Desemba. Kila mwaka naona miche ikipandwa kwa shangwe wakati wa sikukuu, na kufikia Februari imekauka. Mvua za vuli zinakuwa zinaisha, na kinachofuata ni miezi ya jua kali ya kaskazi. Uacheni kwenye debe, pahali penye kivuli cha nusu siku, mkiumwagilia maji mliyooshea mchele, mpaka masika yaanze. Kisha upelekwe shamba la Kaloleni, kwa sababu mvinje hurefuka kupita paa la nyumba na haufai kwenye uwanja mdogo wa mjini.

Sasa jikoni.

Magunia matano ya shemeji yasingekuwa mazito vile kwa sahani peke yake. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza, na baada ya sikukuu ni chakula kilichopikwa. Kikifika jalala la Mwakirunge hufunikwa na takataka nyingine, kikaoza bila hewa, kikatoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko hewa ya kaboni ya uzito uleule. Hapo bado sijataja maji yaliyokuza mchele huo, uwe wa Mwea au wa Pakistan, makaa yaliyouivisha, na jasho la waliokesha wakipika.

Mume wako ana haki ya kuogopa lawama. Huku kwetu sufuria iliyobakiza ni dalili ya ukarimu, na hakuna anayetaka isemwe kwamba kwake wali uliisha. Sikwambii upike kidogo. Nakwambia upike kwa hesabu. Mtu mzima akiwa na nyama na kachumbari pembeni hula wali wa takriban gramu 150 za mchele mkavu, mtoto kama gramu 80. Tuseme wageni wako ni watu wazima 18 na watoto 12: hesabu inafika kilo 3 na robo tatu hivi. Ongeza kilo moja ya heshima, kwa yule atakayekuja bila kualikwa, maana huyo hakosi. Karibu kilo 5 kwa jumla. Nyumba nyingi za ukubwa wenu hupika mara mbili ya hizo, halafu nusu inamwagwa. Gawanya kwenye masufuria mawili: la kwanza liwe tayari saa saba, la pili uliweke mekoni baada ya kuona kasi ya wageni. Ikiwa wameshiba, mchele unarudi kwenye debe ukiwa mkavu.

Kwenye nyama pia tumejizoesha vibaya. Siku hizi meza ya Krismasi haijakamilika mpaka iwe na mbuzi, ng'ombe na kuku kwa pamoja. Wanyama wanaocheua hutoa methani matumboni mwao, na ng'ombe ndiye anayeongoza kwa mbali. Kuku na samaki gharama yao kwa mazingira ni ndogo mara kadhaa. Mbuzi mmoja wa wastani akitoa nyama ya kilo 12, kila mgeni wako ana gramu 400, na hicho ni kiasi kikubwa kwa mlo mmoja. Mbuzi anatosha. Ukitaka kitoweo cha pili, kiwe samaki. Desemba ni msimu wa kaskazi, bahari imetulia, wavuvi wanatoka nje ya mwamba, na jodari, nguru na kolekole wanapatikana kwa wingi kuliko wakati wa kusi. Nunua hao wa maji makuu. Pono umwache baharini: kazi yake ni kula miani inayofunika matumbawe, na mwamba usio na pono hujaa ukungu wa kijani. Changu wa ukubwa wa kiganja mkatae hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa bado hajazaa.

Kuhusu mbuzi, nina neno jingine. Majirani zako wa Mikindani si wote wanaosherehekea Krismasi. Mwombe jirani Mwislamu amchinje, kama familia nyingi za Kikristo za hapa mjini zinavyofanya, ili sahani iweze kuvuka ua. Panga sahani za majirani mapema, kabla wageni hawajaanza kula, si jioni wakati pilau imeshapoa na kuguswaguswa. Mtoto mmoja akizunguka na sinia saa nane mchana, utakuwa umepunguza mabaki kabla hayajawa mabaki, na umepata thawabu ya ujirani.

Kitakachobaki kitunze kwa haraka. Joto la Desemba hapa hupita nyuzi 30, na wali uliopikwa una bakteria wanaoweza kuzaa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto upya. Usiuache nje zaidi ya saa mbili. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha ndani ya friji, na kesho yake ni kiporo cha kunywea chai. Mchuzi wa tui ndio dhaifu kuliko vyote, huchacha mapema; upike wa mwisho na upike kidogo. Mkipenda wali wa nazi, uwe ni wa sufuria la kwanza, na lile la pili liwe la pilau, maana pilau huvumilia.

Na moto je? Wengi wetu tukipikia ukoo tunatoka kwenye gesi tunarudi kwenye makaa, kwa kuwa sufuria kubwa haikai kwenye jiko la gesi. Gunia la makaa linaonekana dogo, lakini kwa matanuri ya udongo yanayotumika vichakani, kilo 1 ya makaa humeza kuni za kilo 6 hadi 10. Ukiweza kuazima jiko kubwa la gesi kanisani au kwenye chama cha akina mama, azima. Usipoweza, tafuta vifuu. Nyumba inayokuna nazi za wali wa watu 30 ina vifuu vyake tayari, na wauza nazi wa sokoni wana malundo yake. Vifuu huwaka kwa nguvu na ni vizuri hasa kwa kupalia juu ya pilau. Maharagwe na mbaazi zilowekwe usiku, zichemke kwa muda mfupi, kisha sufuria lifunikwe vizuri na kuzungushiwa mablanketi ndani ya kikapu kikubwa. Zitaiva humo polepole bila moto wowote. Dada zangu wa vijiji vya Kilifi hufanya hivyo na makaa yao hudumu.

Sasa vyombo, na hapa naomba uwe mkali. Sahani za plastiki na vikombe vya kutupa ndivyo ulivyoviona vikiteremka na maji. Zile sahani nyeupe nyepesi zinazokatika ni mbaya zaidi, kwa sababu zikifika kwenye mawimbi hupasuka vipande vidogo ambavyo hakuna mtu wa kuviokota. Samaki na kasa huvila wakidhani ni riziki. Zinazouzwa kama sahani za karatasi, nyingi zina utando wa plastiki ndani, kwa hiyo usidanganyike na jina. Watu wa pwani tulikuwa na jibu la jambo hili kabla plastiki haijafika: sinia. Masinia 6, watu watano kwa kila moja, na karamu ya watu 30 inakwisha bila sahani hata moja ya kutupa. Kula pamoja kwenye sinia pia kunapunguza mabaki, kwa kuwa hakuna aliyejipakulia kupita uwezo wake. Wale wa Nairobi wasiozoea, wakodishie sahani za melamini. Karibu kila mtaa una chama kinachokodisha masufuria, sahani na viti.

Najua utaniuliza maji ya kuoshea, maana mfereji wa Mikindani una siku zake na mkokoteni wa mitungi ni pesa. Vyombo vya karamu havihitaji maji yanayotiririka. Kwanza vipanguzwe mafuta kwa maganda ya ndimu au karatasi za magazeti, kisha beseni moja la maji ya moto yenye sabuni, na beseni la pili la kusuuzia. Ukianza na vikombe na kumaliza na masufuria, mitungi mitatu inaweza kutosha. Maji ya mwisho yamwagiwe mgomba, si mtaroni.

Vinywaji: soda za chupa za glasi, kwa kreti. Chupa ya glasi hurudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena mara nyingi. Ile ya plastiki ya lita 2 hunywewa kwa dakika kumi na kubaki duniani kuliko wajukuu zetu. Kreti 2 zina chupa 48, zinatosha chupa moja kwa kila mtu na akiba. Wakitaka zaidi, wape sharubati. Desemba ni msimu wa maembe, ngowe na dodo yamejaa soko la Kongowea, na ukwaju uko mwaka mzima. Maji ya kunywa yawe kwenye mitungi ya lita 20 na jagi, si katoni za chupa ndogo. Ukipata madafu, wape wazee: chombo chake kikimalizika kazi unakipasua ukakianika, kinakuwa kuni.

Hapa ndipo ningemwomba mume wako aketi nawe na karatasi. Andikeni bei ya sahani, vikombe, vijiko na mifuko ya kutupa kwa watu 30, katoni za maji, kilo za mchele zitakazomwagwa, nyama ya ng'ombe na kuku ambao hawakuhitajika, na mti wa plastiki. Halafu andikeni upande wa pili: kukodi masinia, dipoziti ya kreti ambayo mtarudishiwa, mche mmoja wa mvinje. Kwa uzoefu wangu wa nyumba za hapa, upande wa pili huwa chini, tena kwa tofauti ya kununulia watoto viatu vya Januari. Krismasi ya kitajiri ni ile ya vitu vya kutupa. Wazazi wetu walisherehekea kwa masinia na mikeka kwa kuwa ndivyo walivyokuwa navyo, na hakuna mgeni aliyeondoka akisema amenyimwa.

Mapambo nitayataja machache. Usinunue vitu vya kumetameta. Vile vipande ving'aavyo ni plastiki ndogondogo, ukifagia unavitia mtaroni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzwa kwa vya kunyunyiza kuanzia Oktoba 2023. Mabaluni yasirushwe juu, yakianguka baharini kasa huyameza. Pambeni kwa mnachokiona nje: makuti ya kusuka, asumini, na matawi ya ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba, ambao wengine huuita mkrismasi. Mkikata kuti la kusukia, chukueni la pembeni. Kuti changa la katikati ndilo kilele cha mnazi, na ukiliumiza umeuumiza mti wote. Nyota watoto waikate kwenye katoni.

Taa zisikunyime usingizi. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye joto la ardhi, maji, upepo na jua, na taa za LED hula kidogo sana. Tumia za LED, na uzizime mkilala. Jioni ndipo matumizi hupanda nchini kote na mitambo ya mafuta, ikiwemo ya Kipevu hapo jirani yenu, huongezewa kazi.

Zawadi ni jambo ninalolipenda, kwa sababu hapa pwani tuna utajiri ambao hatuutumii. Karatasi ya zawadi yenye mng'aro ina plastiki, haichakatwi tena, na maisha yake ni usiku mmoja. Leso moja ya Mtaa wa Biashara inafunga zawadi ya mama mkwe, na yenyewe ni zawadi, mradi uchague jina lisilomtia mtu chuki. Za watoto zifunge kwa vipande vya doti ya zamani. Kwa wale wanaorudi Voi na Nairobi, wafumie pakacha la makuti uwatilie maembe. Pakacha likifika huko na kuchakaa linaoza shambani bila kumsumbua mtu. Vikapu vya miyaa vya Marikiti na vya wasukaji wa vijijini humaliza miaka. Ukitaka kitu cha mkono wa fundi, Bombolulu ina karakana za watu wenye ulemavu tangu 1969, na wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika Changamwe tangu 1963. Waulize wachongaji aina ya mti: mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa ni afadhali kuliko mpingo, ambao hukua polepole mno.

Neno la mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 4. Iliyochukua nafasi yake, ile ya rangi inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki ya polipropilini, na ikikaa juani huchanika nyuzinyuzi. Nenda Kongowea na kikapu chako na leso ya kufungia mchicha, usilete mwingine nyumbani.

Kuhusu safari za wageni, huna amri juu yake, lakini unaweza kuwashauri. Wa Nairobi na Voi wakipanda treni ya Madaraka Express watashuka Miritini, jirani kabisa na kwenu. Kichwa chake kinatumia dizeli, lakini kinavuta watu mamia kwa pamoja, na ni afadhali kuliko magari matatu ya watu wawiliwawili kwenye barabara ya kilomita zaidi ya 480. Wakate tiketi mapema, Desemba huisha haraka. Wa Kaloleni wakodi matatu moja.

Tarehe 26 mtataka kwenda baharini, na ufuo wa Pirates utakuwa umefurika. Bebeni chakula kwenye hotipoti na maji kwenye jagi. Vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi ufukweni tangu tarehe 5 Juni 2020, ingawa utaviona vimejaa. Watoto waangalie konokono wa bahari na matumbawe wayaache palepale. Kaa wa nyumba za kuazima huhamia kwenye makombe matupu ya konokono hao.

Na takataka, maana ndizo zilizokutuma kuniandikia. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenganishe taka zake hapohapo zinakotoka. Kabla wageni hawajafika, weka vitu vitatu uani, na kila kimoja mpe mtoto mmoja akisimamie. Ndoo ya kwanza ni ya maganda, majani na mabaki ya mboga: hayo ni ya kuku na mbuzi wa jirani, na yasiyolika yafukiwe kwenye shimo kando ya mgomba, yafunikwe udongo ili panya wasiyafukue. Mifupa na utumbo wa samaki vizikwe chini zaidi. Gunia la pili ni la makopo, katoni na chupa zitakazoletwa na wageni hata ukiwakataza. Vijana wanaokusanya vyuma na plastiki mitaani huzinunua au kuzichukua, ilimradi zisiwe na mchuzi ndani. La tatu ni la visivyo na pa kwenda, na hilo ndilo pekee la kumpa mwenye mkokoteni wa taka. Mwulize kwanza anakokwenda kulimwaga. Wapo wanaolipwa kisha wakaishia mtaroni usiku, na ukijua ni mmoja wao tafuta mwingine, hata akiwa ghali zaidi.

Kreti za soda zirudishwe tarehe 27, kabla ya maduka kufurika tena kwa Mwaka Mpya, ukiwa na risiti ya dipoziti. Chupa iliyovunjika haihesabiwi, kwa hiyo watoto wasichezee nazo.